Nyumba ya Kilambo Nayo Inastahili Anwani

Kauli hii nimeisikia kwa mafundi wa mitandao, kwa wauza laini, kwa walimu wa kompyuta, na hata kwa watu wanaoipigania faragha kwa moyo mmoja: mtumiaji wa intaneti wa nyumbani hana haja na anwani yake mwenyewe. Akitaka kuongea na mwenzake, WhatsApp ipo. Akitaka kutuma picha au hati, ni hiyohiyo. Kuwekwa nyuma ya anwani moja pamoja na mamia ya wateja wengine, wanasema, ndiko kunakomlinda. Na hiyo IPv6, yaani anwani za kizazi kipya, ni mambo ya kampuni kubwa na ya nchi zilizokwisha kumaliza shida zake.

Naipinga kauli hiyo yote. Imetuzoesha intaneti ambayo ndani yake sisi ni waombaji wa kudumu: tunauliza na kujibiwa, lakini hakuna awezaye kutufikia ila kwa kupitia kwa mtu wa tatu. Nitaijibu nikiwa nimekaza macho mahali pamoja, Kilambo, kilomita 40 hivi kutoka Mtwara Mjini, pale barabara inapofika Ruvuma na ng'ambo ya maji ni Namoto, Msumbiji. Nimeichagua Kilambo kwa sababu ndiko kauli hiyo inakoumiza zaidi, na ni vijiji kama hicho vinavyotajwa kila mara kuwa kisingizio cha kutofanya lolote.

Chukua mama aliyeko Kilambo, simu yake ina bando la wiki, na mwanawe aliyeko Mtwara Mjini kwenye nyumba iliyovutiwa intaneti. Korosho zimepimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mama anaipiga picha stakabadhi na kumtumia mwana kwa WhatsApp aihakiki. Picha hiyo inapanda mnara, inakwenda Dar es Salaam, inafika kwenye seva za kampuni ya Marekani ambazo kwa sehemu kubwa ziko nje ya nchi, inangoja huko mpaka simu ya mwana iulize kama kuna kitu chake, ndipo inateremka tena hadi Mtwara. Kila hatua ya safari hiyo ina mwenyewe, na hakuna hata moja ambayo mama au mwana ana kauli juu yake.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia vibaya, intaneti ikazorota na kwingine ikazimika kabisa. Sasa tafakari: palipokatika ni takribani kilomita 2,000 kusini ya Mtwara. Minara ya Mtwara ilikuwa imesimama na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulikuwa mzima. Bado mtu wa Kilambo alipata taabu kumfikia mtu wa Mtwara Mjini, kwa sababu mazungumzo yao yalikuwa yamewekwa rehani ng'ambo ya bahari. Kabla ya hapo, tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita kutokana na kosa la kampuni yenyewe ndani ya mitambo yake. Siku hiyo tatizo halikuwa waya uliokatika, wa baharini wala wa nchi kavu. Watu walikuwa na bando, mnara ulikuwa hewani, simu zilikuwa na chaji, na hawakuweza kutumiana picha.

Chanzo chake ni kwamba simu ya mama haina anwani, na ruta ya mwana, mara nyingi, nayo haina. Anwani za zamani, IPv4, zilipangwa mwaka 1981 kwa urefu wa biti 32, na jumla yake ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Afrika ilifika mezani chakula kikiwa kimegawanywa: bara lenye watu zaidi ya bilioni 1.4 lina anwani takribani milioni 120, wakati Marekani, yenye watu milioni 340 hivi, ina zaidi ya bilioni moja na nusu. Anayetugawia sisi ni AFRINIC, shirika lenye makao Ebène, Mauritius. Tangu Januari 2020 mtoa huduma akiomba anwani za zamani hapewi zaidi ya 1,024 kwa mara moja, na tangu 2021 shirika hilo limekuwa likivutwa mahakamani katika kesi za kugombea anwani hizohizo za zamani. Mkoa wa Mtwara peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.6.

Ndiyo maana watoa huduma wanawarundika wateja nyuma ya anwani moja. Simu inapewa namba ya ndani isiyojulikana nje ya mtandao wa kampuni. Ikiuliza kitu nje, mtambo wa kampuni unakumbuka nani aliuliza na kumrudishia jibu. Mtu wa nje akitaka kuanza yeye, hana pa kupiga. Watu wawili walio katika hali hiyo hawawezi kukutana wenyewe, hata wakiwa kitongoji kimoja. Anwani mpya zina biti 128. Mpango wake wa kwanza ulichapishwa Desemba 1995, na fungu dogo kabisa ambalo nyumba moja hupewa lina anwani zaidi ya bilioni 18 mara bilioni moja. Katika ghala hilohilo la AFRINIC wanamogombania zile za zamani, hizi mpya zimejaa tele.

Hapa nawaomba wanaonipinga wakumbuke jambo ambalo nchi yetu imelifanya juzi tu. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwezi Februari. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, postikodi ikaunganishwa na programu ya simu iitwayo NaPA. Hoja ya serikali ilikuwa nzito na sahihi: nyumba isiyo na anwani haifikiwi na gari la wagonjwa, haifikiwi na mzigo, mwenye nyumba hawezi kuthibitisha anapoishi, na biashara yake haijulikani ilipo. Wazazi wetu waliishi kwa S.L.P. ya mtu mwingine. Barua ya mwanakijiji ilikuja kwa sanduku la shule, la misheni au la ofisi ya kijiji, ikapita mikononi mwa mwalimu mkuu kwanza, ikamfikia mwenyewe kama mwalimu yupo na kama amekumbuka kuituma kwa mtoto wa darasani. Bahasha ilikuwa imefungwa, sawa, lakini mwalimu alijua nani anaandikiwa na nani, kutoka wapi, na mara ngapi kwa mwaka. Operesheni ilipofika, hakuna aliyesimama kudai kwamba S.L.P. ya shule ilikuwa inamlinda mwanakijiji. Hakuna aliyesema nyumba za Kilambo zisiandikwe namba kwa sababu wageni wataanza kuingia. Tulielewa wote kwamba kuwa na anwani na kuacha mlango wazi ni mambo mawili. Kwenye intaneti, watu walewale wanayachanganya.

Nianze na hoja wanayoiona kuwa nzito kuliko zote, ya usimbaji fiche. WhatsApp, wanasema, imefunga ujumbe wote tangu Aprili 2016, kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, sasa unataka faragha gani tena? Nakiri, kazi ile ilikuwa kubwa na imewalinda watu wengi. Usimbaji unaficha maneno. Haufichi nani amemtafuta nani, saa ngapi, mara ngapi, akiwa mtandao upi. Habari hizo za pembeni zinapita kwa mtu wa kati kwa sababu bila hizo hawezi kuufikisha ujumbe.

Mahali kama Kilambo, habari za pembeni ndizo zenye uzito. Mpaka wa Ruvuma ulichorwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na ulipita katikati ya watu. Wamakonde wako huku na huko, vivyo hivyo Wayao na Wamakua, na Wamwani wa pwani ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, wana ndugu na wakwe Mtwara na Msimbati. Oktoba 2017 vita vya waasi vilianza Mocímboa da Praia, katika jimbo hilohilo. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma, na maelfu wakakimbia, wengine wakaja mpaka kwenye kingo za Ruvuma. Katika miaka hiyo, mtu wa Kilambo aliyepiga simu Palma usiku wa manane alikuwa anauliza kama kaka yake yu hai. Lakini itazame simu hiyo kama mstari katika orodha: namba ya Tanzania, namba ya Cabo Delgado, saa nane usiku, dakika moja, kimya, kisha tena baada ya siku mbili. Anayeiona orodha bila kuwajua watu anaweza kuisoma vibaya kabisa, na msomaji huyo huenda akawa ofisa wa serikali yoyote kati ya mbili, au mtambo wa kampuni uliofundishwa kunusa hatari, au mhalifu aliyepata orodha iliyovuja. Maneno yaliyofungwa vizuri hayamsaidii mtu huyo. Angesaidiwa kama orodha hiyo isingekusanywa mahali pamoja.

Mawasiliano ya moja kwa moja, kutoka kifaa cha nyumba hii hadi kifaa cha nyumba ile, nayo yanasimbwa, na yanamwondoa mkusanyaji mkuu. Sitaki kumdanganya msomaji: mtoa huduma wa kila upande bado anaona kwamba anwani fulani inaongea na nyingine. Lakini anachokiona ni kipande cha wateja wake tu, na yuko chini ya sheria za nchi anamofanya kazi. Kwetu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na juu yake ibara ya 16 ya Katiba, inayoyapa hifadhi maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi katika sentensi moja. Naona waandishi wa ibara hiyo walifahamu kwamba nyumba na mawasiliano ni faragha ya aina moja.

Na kuna suala la nani anaweza kufunga. Skype ilianza mwaka 2003 kwa mpango ambao leo tunaambiwa hauwezekani: kompyuta za watumiaji ziliunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na zile zilizokuwa na anwani kamili ziliwasaidia wenzao wasio nazo. Familia zilizotawanyika kati ya Muscat, London, Mombasa na Mtwara zilionana nyuso kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa njia hiyo. Microsoft iliinunua mwaka 2011, baadaye ikayahamishia mazungumzo kwenye seva zake, na tarehe 5 Mei 2025 ikaifunga. Haikuwa na ubaya kisheria, mali ni yake. Lakini ulikuwa pia uhusiano wa watu, na wenye uhusiano hawakuulizwa.

Sasa niiendee hoja ya ulinzi, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu wa kawaida, na inasemwa na mafundi wanaoheshimika. Wanasema kuchangia anwani ni ukuta: mhalifu wa nje haioni kompyuta yako, kwa hiyo hawezi kuigusa; ukiipa anwani halisi umeianika uchi duniani.

Kuchangia anwani kulibuniwa mwaka 1994 kuwa dawa ya muda ya upungufu, mpaka anwani mpya zipatikane. Hakukuwa kifaa cha usalama. Ulinzi unaosifiwa unatokana na tabia moja ndogo ya ruta, ya kukataa kila kitu kisichoombwa kutoka ndani. Tabia hiyo haihitaji anwani ya kuchangia hata kidogo. Ruta yoyote nzuri inaweza kuwa na IPv6, ikakipa kila kifaa anwani yake, na bado ikakataa wageni wote mpaka mwenye nyumba aseme: huyu aingie, kwa kifaa hiki, kwa ufunguo huu. Tofauti iko kwenye nani anashika uamuzi. Chini ya IPv6 anaushika mwenye nyumba. Chini ya anwani ya kuchangia unashikwa na mtambo wa kampuni ulioko Dar es Salaam, na mwenye nyumba akitaka kumruhusu dada yake, hana kitufe cha kubonyeza.

Halafu tazama yaliyovipata vifaa vyenye anwani za zamani. Mwaka 2016 programu ovu iitwayo Mirai iliteka malaki ya kamera na ruta za nyumbani duniani kwa kubahatisha nywila za kiwandani, na ikazitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti. Ilivipata vifaa hivyo kwa kupapasa anwani za zamani kwa kubahatisha, jambo linalowezekana kwa sababu bilioni nne si nyingi kwa kompyuta. Dunia nzima hupapaswa kwa muda mfupi. Jaribu hivyo kwenye fungu dogo la nyumba moja la IPv6. Anayepapasa anwani milioni moja kila sekunde atahitaji zaidi ya miaka 500,000 kulimaliza. Kutopatikana kwa kubahatisha ni ulinzi mkubwa kuliko wowote ambao anwani ya kuchangia iliwahi kutoa, ingawa peke yake hautoshi.

Kuna sehemu wanaonipinga wana haki. Zipo ruta za bei rahisi zinazowasha IPv6 bila kizuizi chochote, na hizo ni hatari kweli. Na zamani anwani mpya zilibeba ndani yake namba ya kiwandani ya kifaa, hivyo simu ilitambulika popote iendapo. Hilo la pili lilipatiwa dawa ya anwani za muda zinazobadilika zenyewe, iliyosanifiwa upya mwaka 2007, na simu za leo huitumia bila kuambiwa. La kwanza linahitaji amri tu: ruta isiyofunga wageni kwa chaguo la awali isiuzwe. Tuna mamlaka inayokagua na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, TCRA, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wake.

Wengine husema: nikiunganishwa moja kwa moja, ninayeongea naye ataiona anwani yangu. Ataiona, ndiyo. Kwa mgeni uliyekutana naye sokoni mtandaoni, tumia mtu wa kati. WhatsApp yenyewe mwaka 2023 iliongeza chaguo la kupitisha simu kwenye seva zake kwa sababu hiyo. Ila dada yangu wa Palma anakujua kwetu tangu kuzaliwa. Ninachodai ni uhuru wa kuchagua, na leo chaguo la pili halipo.

Na nani anafichwa, hasa, nyuma ya anwani ya kuchangia? Kwa serikali hufichwi: laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ukiwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa mtoa huduma hufichwi pia, maana lazima akumbuke nani alikuwa nyuma ya anwani saa ngapi. Unachokipata ni lawama ya pamoja. Mmoja kati ya mamia mliochangia akifanya uhuni, tovuti inawafungia wote. Oktoba 2017 Europol, shirika la polisi la Ulaya, lilipaza sauti dhidi ya mtindo huu, likisema unawalazimisha wapelelezi kuwachunguza watu wengi wasio na hatia ili kumpata mmoja. Ubelgiji watoa huduma walikuwa wamekwisha kukubaliana kutozidisha wateja 16 kwa anwani moja, na haikuwa ajabu nchi hiyo ikaongoza dunia kwa miaka kadhaa katika kuhamia IPv6. Mtu anayejali usalama wa raia angepaswa kuuchukia utaratibu huu kama ninavyouchukia mimi.

Mafundi wana jibu jingine, kwamba kuna mbinu za kutoboa: vifaa viwili vilivyofichwa vinakutanishwa kwa hila na seva ya katikati, kisha vinaongea vyenyewe. Mbinu hizo nazijua, na simu nyingi za sauti mtandaoni zinazitegemea. Zinahitaji mtu wa tatu wa kuwatambulisha kila mara, kwa hiyo tumerudi kwenye orodha. Na pale pande zote mbili zikiwa nyuma ya mitambo ya kuchangia ya kampuni za simu, mara nyingi zinashindwa, na mazungumzo yanarudishwa kwenye seva kimyakimya bila mama wa Kilambo kuambiwa.

Linalofuata linahitaji kusemwa waziwazi, hata kama halipendezi. Tarehe 27 Oktoba 2020, mkesha wa uchaguzi mkuu, WhatsApp na mitandao mingine ilizibwa nchini. Waliosakwa na uamuzi huo walikuwa wachache. Walioumia walikuwa mamilioni waliokuwa wakiulizana bei ya korosho na hali ya mgonjwa. Walipotafuta njia kupitia VPN, yaani njia zilizosimbwa za kupitishia mawasiliano, ikaja baadaye, Oktoba 2023, taarifa ya TCRA ya kuwataka wanaozitumia wazitolee taarifa. Lakini njia iliyosimbwa kati ya nyumba na nyumba ni teknolojia ileile. Mtu anayeiunganisha nyumba yake ya Kilambo na ya mwanawe Mtwara Mjini kwa programu ya VPN iitwayo WireGuard hafichi jinai, anafunga mlango wa sebule. Sheria isiyoweza kumtofautisha huyo na mhalifu inahitaji kuandikwa upya. Na tena nisiahidi kisichowezekana: intaneti ikizimwa yote, kama ilivyotokea kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 2025, anwani haisaidii, kwa kuwa waya ni uleule. Inasaidia pale kinapozibwa kitu kimoja kikubwa ambacho kila mtu amelazimika kukitegemea. Tukiwa na njia nyingi ndogo, kuziba moja hakuwezi kuwanyamazisha watu wote.

Imebaki hoja ya umaskini, kwamba Kilambo inahitaji maji, zahanati na kivuko kabla ya haya. Inahitaji, na mimi nitakuwa wa kwanza kutia saini. Lakini hakuna anayeombwa kuhamisha fedha za kisima. Simu janja zilizo mikononi mwa watu Kilambo, hata za bei ya chini, zinaifahamu IPv6 tangu zilipotoka kiwandani. Mzigo uko kwa mtoa huduma, na kwake ni nafuu: mitambo ya kuchangia ni ghali, na anwani za zamani sokoni zinauzwa makumi ya dola kila moja. India ilikuwa nchi ya watu wengi wasio na intaneti mwaka 2016, Reliance Jio ilipoanza huduma yake ikiwa na IPv6 tangu siku ya kwanza, na leo zaidi ya nusu ya matumizi ya India yako kwenye anwani mpya. Walianza kwa usahihi kwa sababu walichelewa. Sisi tumechelewa vilevile, na tunajenga palepale pa zamani; Tanzania bado iko nyuma ya India katika hesabu hizo. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, Starlink ilianza kutoa huduma mwaka 2023, na utaratibu wake ni kuipa kila nyumba fungu la IPv6. Nyumba iliyofunga sahani hiyo Palma ina anwani. Ndugu zake walioko Kilambo hawana, na upande mmoja ukikosa, njia ya moja kwa moja haipo kwa wote wawili.

Matumizi yako wapi? Nimeulizwa hili kana kwamba watu wa Kusini hawana siri wala mali. Nyumba inaweza kuwa na kompyuta ndogo ya ukubwa wa sabuni, inayokula umeme mdogo kuliko balbu ya zamani, ikahifadhi hati za mashamba, vyeti vya kuzaliwa, picha za harusi, sauti ya bibi akisimulia kwa Kimakonde, na mtoto aliyeko Dar au Muscat akavifikia bila kuvikabidhi kwa kampuni isiyomjua. AMCOS inaweza kuona ghala lake kwa kamera isiyopitisha picha zake kwenye seva ya mtengenezaji nchi za mbali. Tangu msimu wa 2024 korosho yetu inauzwa kwa mnada wa kidijitali wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Mkulima aliyekwisha kuingizwa kwenye soko la namna hiyo hawezi tena kuambiwa kwamba mambo ya mitandao si saizi yake. Mganga wa zahanati ya mpakani anaweza kumwonyesha daktari wa hospitali ya mkoa picha ya kidonda, na picha hiyo isibaki popote ila kwao wawili. Programu za kazi hizi zipo, nyingi ni za bure, na zimeandikwa na watu waliodhani kila nyumba ingekuwa na anwani.

Ninachokidai kwa TCRA ni masharti ya leseni. Kila huduma mpya ya nyumbani na ya simu iwe na IPv6 kwa tarehe itakayotangazwa. Nyumba ipewe fungu la /56, linalogawika mitandao midogo 256, na fungu hilo lisibadilike kila umeme ukikatika na ruta kuwaka upya. Ruta ifunge wageni kwa chaguo la awali, na kitufe cha kumruhusu mtu kiwe kwa mwenye nyumba, kwa Kiswahili. Matumizi ya njia iliyosimbwa kati ya nyumba na nyumba yatamkwe wazi kuwa halali. Kwa watoa huduma sina ombi tofauti, ila waache kuwaambia wateja kwamba upungufu wao ni ulinzi.

Na mwenye laini au ruta asingoje leseni hizo. Aende duka la huduma alikonunulia aulize, na aandikiwe jibu: nyumba yangu inapewa IPv6? Fungu lake ni kubwa kiasi gani? Linadumu? Dada yangu wa Palma akitaka kuifikia kompyuta iliyoko sebuleni kwangu, yeye peke yake na si mwingine, nabonyeza wapi?